Barua kwa Wanangu Wasomaji: Nileteeni Ukurasa Mmoja

Wanangu,

Salaam nyingi. Kwa muda sasa nimekuwa nikiwasikiliza kwenye vikao vyetu vya wasomaji mkisimuliana mlichosoma, na kwa kuwa mmeshanipa kiti cha mzee, niacheni nikitumie. Kusoma mnasoma kweli, hilo sina shaka nalo. Kasoro iko kwenye kusimulia. Mmoja anatuambia "kitabu moto hicho, kitafuteni", basi. Mwingine anatupeleka na kisa tangu sura ya kwanza hadi mazishi ya mhusika mkuu, asituachie hata chembe. Wa tatu anahesabu vitabu alivyomaliza tangu mwaka uanze. Tunaachana, na mimi sijapata cha kwenda kufikiria.

Ninachoomba ni ukurasa mmoja tu. Pale kitabu kilipokushika ukashindwa kuendelea, patuonyeshe, kisha utueleze kilichokushika ni nini.

Nianze mimi. Nimeirudia Solaris, riwaya ya kisayansi ya Stanisław Lem wa Poland, iliyotoka mwaka 1961. Mwanasayansi aitwaye Kelvin anafika kwenye kituo cha utafiti juu ya sayari iliyofunikwa na bahari, na bahari hiyo yenyewe ni kama kiumbe hai. Wataalamu wameichunguza kwa miaka na miaka, maandishi yao yamejaa makabati, na hakuna aliyeielewa. Kelvin analala, anaamka, anamkuta mkewe amekaa chumbani. Mke huyo alijiua zamani. Kisa kinaendelea, nami sikisimulii, kwa sababu ukurasa wangu ni ule wa gauni. Mwanamke anataka kulivua, halivuliki. Vifungo vyake ni pambo tu, zipu hakuna, mahali pa kulifungulia hapapo. Inabidi likatwe. Bahari imemuumba kutokana na yale yaliyomo kichwani mwa mumewe, na kichwani mwa mumewe gauni lilikuwemo, ila namna ya kulifungua haikuwemo.

Hapo nilikiweka kitabu chini. Huyu aliyerudi siye marehemu. Ni kile kidogo ambacho mumewe alijaliwa kukitazama walipokuwa wakiishi pamoja, na mengine yote hayakurudi kwa sababu hakuyaona. Nikawaza wangu niliowazika, nikajiuliza ni mangapi yao sikuwahi kuyaangalia. Riwaya ya anga za mbali, sayari isiyokuwepo, na bado imenifikia nilipokaa. Mngeniuliza "inahusu nini?" nikawajibu "inahusu bahari inayofikiri", mngeitikia kwa heshima na kuisahau hapohapo.

Lipo jambo jingine linalonikera kidogo kwenye riwaya hizi za kisayansi: mnazisahihisha kama mtihani wa utabiri. Alipatia nini, alikosea nini. Jules Verne aliandika mwaka 1865 kuhusu watu watatu waliorushwa kwenda mwezini kutoka Florida, na mwaka 1969 chombo cha Apollo 11 kikaondoka Florida hiyohiyo na watu watatu. Watu hupiga makofi hapo. Lakini Verne aliwarusha kwa mzinga, na mshindo wa kufyatuliwa namna ile ungewaua papo hapo. Tukisahihisha hivyo, kafeli. Utamu uko kwingine kabisa: safari ile inaandaliwa na klabu ya mabingwa wa mizinga ambao vita vimekwisha na wamekosa kazi, tena baadhi yao wana mikono na miguu ya bandia kwa sababu ya mizinga hiyohiyo. Wamechoka kukaa bure. Kwa kuwa hawana wa kumpiga, wanaulenga mwezi! Leteni ukurasa huo, tucheke kwanza, kisha tuulizane ni uvumbuzi gani wa siku hizi umeanza hivyohivyo. Na Octavia Butler, mwandishi wa Marekani, naye: riwaya yake ya 1993, Parable of the Sower, inaanza mwaka 2024. Mwaka huo ulipofika, wasomaji wengi wakashika kalamu wakahesabu alipopatia na alipokosea. Mimi naona alikuwa akiitazama Marekani ya siku zake bila kupepesa macho.

Msidhani pia kwamba mambo haya ni ya lugha za watu tu. Katama Mkangi, katika Walenisi ya mwaka 1995, anamrusha mtu aliyehukumiwa kifo hadi kwenye ulimwengu mwingine wenye haki kuliko wa kwao. Itafuteni.

Sasa riwaya zenye giza. Hapa wapo wanaoomba radhi kabla ya kuzitaja, na wapo wanaojivunia kwamba wao hawaogopi kitu. Wote wawili wanapoteza wakati wetu. Giza la kitabu si aibu wala si medali. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ilipigwa marufuku mashuleni, na hadi leo inasomwa. Kichwamaji yake ya 1974 inaishia kwa mtu kujiua, na hilo nalisema waziwazi kwa makusudi. Mkileta kitabu cha namna hiyo, semeni mapema: kuna kujiua, kuna ubakaji, kuna mtoto anayekufa. Utamu haupungui kwa hilo, na aliye na kidonda atajua kama asogee au angoje. Ila msimwamulie. Nimeona wafiwa waliokimbia vitabu vya kuchekesha wakatulia na vile vizito, kwa kuwa humo walimkuta mtu asiyewahimiza wajikaze. Na mwenzenu akisoma giza tupu mfululizo na huku amepunguza maneno, msimtafutie kitabu kingine. Mpigieni simu, mwende mkamwone.

Kikao kijacho kila mtu aje na kitabu chenyewe, ameweka kikaratasi kwenye ukurasa wake, ausome kwa sauti bila haraka. Aliyeshindwa kukimaliza asikae nyumbani kwa aibu. Aje naye atusomee pale alipoishia, maana nina hamu zaidi ya kujua kilichomsimamisha.

Wenu,
Mzee wenu