Dada, turudi kwenye ule mfuko wa kaki

Dada, shikamoo.

Nimepiga simu mara nne hupokei. Ujumbe unaonyesha umesoma, hujibu. Basi nakuandikia hapa penye macho ya watu. Jina lako silitaji, wala mtaa. Wanaotujua watajua, na wasiotujua huenda wakaiona nyumba yao.

Asubuhi ile unaikumbuka. Hela za kikoba, shilingi 380,000, ulizifunga kwenye gazeti ukazitia ndani ya mfuko wa kaki uliokuja na vitumbua. Mfuko umelowa mafuta chini, mdomo umekunjwa. Ukauacha mezani ukaenda kuoga. Ulipotoka, binti wa kazi alikuwa ameshafagia na kutoa taka, na gari la taka limeshakata kona. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2019, nusu ya taka za majumbani kwetu ni kaki zenye mafuta. Ulimwita mzembe, kisha mwenye roho mbaya, kisha ukatamka neno ambalo sitaliandika. Saa nane mchana binti yuko stendi na begi lake.

Lakini aliyenikaa rohoni ni mwanao Tima. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji, mtoto ambaye miaka minne kaimaliza juzi, akasema: "Dada mbaya. Katupa hela za mama makusudi." Ukambeba, ukanigeukia: "Unaona? Hata mtoto anajua."

Dada yangu, mtoto hajui. Na hilo la kutojua kwake limechunguzwa miaka mingi.

Mwaka 1983, wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner walitoa utafiti waliowafanyia watoto huko Austria. Kisa chao ni chepesi kama hadithi ya kulalia. Kijana anaitwa Maxi. Anaweka chokoleti yake kabatini, anatoka kwenda kucheza. Nyuma yake mama anaitoa, anaitumia kidogo kwenye keki, halafu anairudisha kabati jingine. Maxi anarudi na hamu yake. Ataitafuta wapi? Wewe na mimi tunasema pale alipoiacha. Mtoto wa miaka mitatu anaonyesha pale ilipo sasa, bila kusitasita. Kwake yeye, kilichomo duniani ndicho kilichomo kichwani mwa kila mtu. Kwamba mtu anaweza kutembea na picha iliyopitwa na wakati, akaifuata kwa moyo safi na kukosea, hilo huanza kumkaa karibu na miaka minne au mitano.

Usiniambie hayo ni ya watoto wa Kizungu. Mwaka 1991 Jeremy Avis na Paul Harris walichapisha jaribio kama hilo kwa watoto wa jamii ya Baka, kwenye misitu ya Kameruni. Hapakuwa na chokoleti wala kabati. Mtu mzima yuko jikoni na kokwa za embe pori, anaziacha kwenye bakuli na kutoka. Mtoto anaambiwa azifiche kwenye chungu. Kisha anaulizwa: akirudi atatazama wapi? Na kabla hajafunua bakuli, roho yake itakuwa na furaha au huzuni? Wakifika kama miaka mitano, wengi walijibu vizuri: atafunua bakuli, na mpaka hapo atakuwa na furaha. Napenda sana hilo swali la furaha. Humo mna binadamu mzima, mkono uko kwenye kifuniko na tabasamu lake bado halijapata habari.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ni nyumbani kwako kabisa. Mwaka 2011 Melanie Killen na wenzake, Marekani, waliwapa watoto wa kati ya miaka mitatu na minane kisa hiki. Mtoto kaacha keki yake ndogo ndani ya mfuko wa karatasi, akatoka. Mwenzake anasafisha darasa, anauona mfuko, anadhani ni taka, anautupa. Je, aliyetupa alikuwa na nia mbaya? Watoto ambao bado hawajashika kwamba mtu anaweza kudhani sivyo ndio waliomhukumu zaidi. Walisema alitaka kumuumiza mwenzake. Hata waliofaulu majaribio ya kawaida kama lile la Maxi, wapo waliokwama hapa, kwa sababu hapa kuna aliyeumia, na maumivu yanaziba masikio. Niliposoma habari hiyo nilifunga simu nikaenda kukaa uani. Mfuko wa karatasi, dada! Na msafishaji!

Kwa hiyo Tima alisema kile ambacho umri wake unamruhusu kusema. Hela hazipo, mama analia, binti ndiye aliyebeba, basi binti kakusudia. Ushahidi wake ni machozi yako. Na wewe ukayachukua maneno yake kama ushahidi juu ya ushahidi.

Wewe je, mwenye miaka arobaini na mbili? Sisemi huna akili ya kumjua mtu kadhani nini. Unayo, tena ndiyo iliyokufanya mweka hazina. Ila akili hiyo ina udhaifu ambao hautuishii. Susan Birch na Paul Bloom mwaka 2007 waliwajaribu watu wazima, wanafunzi wa chuo. Msichana kaweka fidla yake kwenye sanduku la buluu akatoka, dada yake akaihamisha na kuyapanga masanduku upya. Baadhi yao waliambiwa imo sanduku gani hasa, wengine wakaambiwa tu imehamishwa. Walioambiwa sanduku lenyewe waliliona kuwa na nafasi kubwa zaidi ya kutazamwa na yule msichana, pale palipokuwa na kisababu kidogo cha kuaminika. Wanajua hajui. Lakini wanachokijua wao kinavujia kichwani mwake. Nawe ulijua mna hela ndani ya mfuko ule. Kila ulipoutazama ulikuwa mfuko wa hela. Ukashindwa kuuona mfuko wa vitumbua, ambao ndio pekee alioupata binti.

Na kuna jaribio jingine linanitisha kidogo. Mwaka 2010 Liane Young na wenzake waliweka sumaku juu na nyuma kidogo ya sikio la kulia la watu wazima, kuvuruga kwa muda sehemu ya ubongo inayoshughulika na mawazo ya wengine. Kisha wakawapa visa: mtu anamtilia mwenzake kwenye kahawa unga anaoamini ni sumu, kumbe ni sukari, mwenzake hadhuriki. Waliopigwa sumaku walielekea kulegeza hukumu yao, maana mwisho hakuna aliyedhurika. Nia ilikuwa imepungua uzito, yaliyotokea yakabaki. Siku ile nyumbani kwako sumaku haikuwepo, ila kilio cha 380,000 kilitosha.

Utasema, kwani nia italipa kikoba? Swali la haki. Fiery Cushman mwaka 2008 alionyesha kwamba watu, wakiulizwa kitendo ni kibaya kiasi gani, huangalia nia. Wakiulizwa mtu aadhibiwe kiasi gani, huanza kuhesabu na madhara yaliyotokea. Mizani mbili kwenye kichwa kimoja. Sisi tuliosoma chuoni kwa ustadhi tulilijua hilo kabla ya kujua kusoma gazeti. Tulikariri kwamba matendo ni kwa nia, na tukafundishwa papo hapo kwamba aliyeua kwa bahati mbaya anadaiwa diya, yaani fidia ya damu. Dhambi ya kukusudia hana, deni analo. Ungemwambia binti, "Najua hukukusudia, tutaangalia namna ya kuzilipa," nisingekuwa na la kuandika. Wewe ulivichanganya vyote ukampakia mgongoni.

Nikiri pia kwamba nia haipimwi sawa kila mahali. Mwaka 2016 Clark Barrett na wenzake walilinganisha jamii kumi, wakiwemo Wahadza wa kwetu Eyasi. Kwenye visiwa vya Yasawa, Fiji, kukusudia au kutokukusudia kuliwapa tofauti ndogo kuliko kwingine. Los Angeles tofauti ilikuwa kubwa. Kwa Wahadza na Wahimba wa Namibia, kisa cha kutia sumu kwenye maji ya watu kilikuwa kibaya mno hata nia isisaidie sana. Nawaelewa. Mahali penye kisima kimoja, kusema "sikujua" hakufufui mtu. Lakini hela za kikoba si kisima, na ulikuwa na mtu wa kumuuliza kabla ya kumhukumu. Alikuwa amesimama mbele yako na fagio.

Ungemuuliza swali moja tu: ulikuta mfuko wapi?

Angekujibu kwamba aliukuta chini, umeegemea ndoo ya taka. Wewe uliuacha mezani. Katikati ya meza na ndoo kuna mtu, dada, na mtu huyo ni mimi. Nilikuja na sinia la chai, meza imejaa, nikaona mfuko wa vitumbua umebaki mafuta, nikauteremsha. Hata sikuutikisa. Kwenye kisa cha Maxi, mimi ndiye mama aliyehamisha chokoleti, na mama hakuna anayemuuliza kitu.

Nilikaa kimya wakati unamfukuza. Kwanza nilikuwa sijaunganisha. Hiyo ni kama dakika kumi. Baada ya hapo nilikuwa nimeunganisha na nikaendelea kunywa chai. Dakika kumi za mwanzo unaweza kunipa ile huruma ya kutojua. Zilizofuata, nihukumu kwa mizani yoyote uipendayo, nia na madhara vyote vipo.

Nimetuma laki mbili kwa shemeji leo asubuhi. Iliyobaki ni mwisho wa mwezi. Waambie wanakikundi ni mimi, usiwaambie ni gari la taka.

Binti yuko kwao Lushoto. Mshahara wake wa nusu mwezi hujamlipa, amenieleza kwa aibu, kama yeye ndiye mdaiwa. Nambari yake ninayo. Mchana hapatikani, mtandao wa kule ni wa shida. Piga jioni baada ya magharibi, akishapanda hadi nyumba ya shangazi yake. Tima naye ameniuliza kwenye simu ya shemeji dada anarudi lini, nikamwambia muulize mama.

Mdogo wako.