Daktari wa mifugo aitwe kabla panya hawajafika chuoni

Mhariri,

Bajeti ya utafiti wa chuo kikuu huwa na fungu la kemikali, la usafiri, la posho na la kuchapisha makala. Fungu la daktari wa mifugo ni nadra kuliona, hata pale utafiti wenyewe unapotegemea panya weupe 60 au sungura 12 tangu mwanzo hadi mwisho. Daktari hukumbukwa wanyama wakishaanza kufa, na hapo kinachobaki ni kupasua mizoga na kueleza kilichotokea. Sisi tunaofanya kazi hii Pwani tunaomba nafasi tueleze kwa nini utaratibu huu ugeuzwe.

Upande wa sheria hauna utata mwingi. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inamtaka anayefanya jaribio juu ya mnyama awe na leseni. Kibali cha utafiti hutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na kazi ya utabibu wa wanyama inaongozwa na sheria ya mwaka 2011 inayowahusu madaktari wa mifugo na wasaidizi wao. Majarida mengi ya kisayansi nayo hayapokei matokeo ya wanyama bila idhini ya kamati ya maadili ya utafiti. Lakini mtu anaweza kukusanya mihuri yote hiyo na bado chumba chake cha wanyama kikawa tanuri la mikate.

Tuanze na joto, kwa maana Mombasa ndilo linaloharibu kazi nyingi kuliko ugonjwa wowote. Miongozo inayotumika kimataifa inaweka panya wa maabara kati ya nyuzi 20 na 26, na sungura kati ya 16 na 22, unyevu wa hewa usizidi asilimia 70. Msimu wa kaskazi mchana wetu hufika nyuzi 32 au 33, na usiku fukuto halipungui sana. Ndani ya kizimba ni zaidi ya hapo, kwa sababu ya miili ya wanyama, mkojo na maranda wanayolalia yaliyolowa. Panya hatoi jasho kama binadamu. Hupunguza joto kupitia mkia na kwa kujilamba mate mwilini. Sungura hutegemea masikio. Wakizidiwa hula kidogo na uzito unashuka, kisha mwanafunzi anaandika kwamba dawa yake ya majani ya mwarobaini imepunguza uzito. Dume la sungura likipigwa na joto la zaidi ya nyuzi 30 kwa muda, mbegu zake huharibika kwa wiki kadhaa. Anayechunguza dawa ya uzazi na asijue hilo ataitangaza dawa hiyo kuwa sumu bure.

Kosa tunalolikuta mara kwa mara ni kupanga vizimba kwa makundi: kundi la dawa rafu ya juu karibu na dirisha, kundi lisilopewa dawa rafu ya chini karibu na kiyoyozi. Tofauti itakayopatikana hapo inaweza kuwa ya rafu tu. Dawa yake ni rahisi. Vizimba vipangwe kwa kura na vizungushwe kila wiki. Kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini kining'inizwe usawa wa vizimba, si juu ya mlango, kisomwe kila asubuhi, Jumapili na siku ya Idi zikiwemo. Kiyoyozi kiwe na jenereta inayowaka yenyewe umeme ukikatika, maana askari wa usiku hatajua kwamba chumba kile kimezima.

Feni ya dari si badala ya kiyoyozi wala ya tundu la hewa. Inakoroga hewa ileile. Chumba cha wanyama kinahitaji hewa yote ibadilishwe mara 10 hadi 15 kwa saa, vinginevyo amonia inajikusanya: bakteria wa kinyesi huvunja yurea ya mkojo, na unyevu wetu huwapa nguvu. Amonia huchubua utando wa njia ya hewa, na panya mkubwa (kwa Kiingereza rat) aliyekuwa na maikoplasma iliyojificha, yaani bakteria wa njia ya hewa, anaanza kukoroma na kutoa machozi mekundu. Machozi hayo si damu, ni rangi inayotoka kwenye tezi ya nyuma ya jicho, lakini ni dalili kwamba mnyama yuko taabani. Pua ya mtunzaji haitegemewi, kwani huzoea harufu baada ya muda. Wakati wa kaskazi maranda yabadilishwe angalau mara mbili kwa wiki.

Nafasi nayo ihesabiwe kwa uzito wa mwisho wa jaribio, si wa siku panya waliponunuliwa. Kizimba cha sentimita 40 kwa 25 kina eneo la sentimita 1,000 za mraba. Panya mkubwa wa hadi gramu 300 anahitaji kama 187, kwa hiyo watano wanaenea. Wakifika gramu 400 kila mmoja anahitaji 258, na sasa ni watatu tu wanaostahili kukaa humo. Jaribio la miezi mitatu likianza na watano litamalizika kwa msongamano na kuumana, na majeraha yataingia kwenye matokeo bila kualikwa.

Maranda yenyewe ni mtego. Watu huyachukua bure kwa maseremala, na hatuwalaumu. Ila maranda ya misonobari na jamii zake yasiyopitishwa kwenye joto yana mafuta yenye harufu yanayolichochea ini kuvunja dawa haraka kuliko kawaida. Panya waliolazwa juu yake huamka mapema kutoka kwenye nusukaputi, na vipimo vya ini husogea hata kabla hawajapewa chochote. Mbao zilizopakwa dawa ya mchwa ni mbaya zaidi. Chukua maranda ya mbao ngumu isiyopakwa rangi wala dawa, yapepetwe vumbi, yapitishwe kwenye chombo cha mvuke kwa nyuzi 121 kwa nusu saa, kisha yakaushwe kabisa.

Chakula kinaumiza zaidi, na hapa tuna neno na wasimamizi wa wanafunzi wa uzamili. Kumpa panya wa maabara chakula cha kuku kwa sababu ni rahisi kukipata dukani ni kumpa pamoja nacho dawa za kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo wa kuku, ambazo huchanganywa humo, na hakuna anayeziandika kwenye tasnifu. Kuna pia sumu ya kuvu, aflatoksini, ile ile iliyoua watu 125 Ukambani mwaka 2004. Kuvu wake huota kwenye mahindi yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 13 au 14, na ghala la Mombasa lisilo na hewa linaurudisha unyevu huo hata kama gunia liliingia kavu. Aflatoksini hushambulia ini. Fikiria basi mtu anayetaka kuonyesha kwamba mti fulani unalinda ini, ilhali panya wake wote wamekula sumu ya ini tangu siku ya kwanza.

Hesabu ya gunia ni hii. Panya mkubwa hula takriban gramu 5 kwa kila gramu 100 za uzito wake kwa siku, na hunywa kama mililita 10. Panya 60 wa gramu 250 hula gramu 750 kwa siku. Gunia la kilo 50 litakaa zaidi ya miezi miwili, nao ni muda mrefu mno katika hewa ya bahari. Nunua kwa kilo 20, weka juu ya vibao mbali na ukuta, andika tarehe ya kusagwa, na chenye uvundo au madonge kitupwe hata kama mfadhili atanuna. Anayefuga simbilisi akumbuke kwamba hawatengenezi vitamini C mwilini, na ile iliyo kwenye chakula hupungua kadiri siku zinavyopita.

Maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi. Kwa utafiti wa shinikizo la damu au figo hayafai, na mtu asiseme yamechemshwa, kwa sababu kuchemsha hakutoi chumvi. Angalia pia mrija wa chupa: magadi ya maji huganda kwenye kigololo, chupa inaonekana imejaa na panya anakufa kwa kiu. Kila chupa igongwe kwa kidole asubuhi hadi tone lionekane.

Sasa nusukaputi, ambayo ndiyo sehemu inayomhitaji daktari kuliko zote. Bado kuna maabara zinazotumbukiza panya kwenye mtungi wenye pamba ya kloroformu au etha. Kloroformu hudhuru ini na figo, za panya na za anayeshika mtungi. Etha huchubua koo na hulipuka. Mchanganyiko wa ketamini na zailazini unapatikana nchini na unafanya kazi, ila vipimo vyake havisamehe. Panya mdogo (kwa Kiingereza mouse) wa gramu 30 akipewa miligramu 100 za ketamini kwa kilo anahitaji miligramu 3. Katika dawa ya miligramu 50 kwa mililita hiyo ni mililita 0.06, tone ambalo hakuna sindano ya kawaida inayolipima kwa uhakika. Ndipo wengine hufa na wengine huamka kisu kikiwa tumboni. Njia salama ni kuzimua: mililita 1 ya ketamini hiyo, mililita 0.25 ya zailazini ya miligramu 20 kwa mililita, na mililita 3.75 za maji ya chumvi safi ya hospitali. Unapata mililita 5, na kila gramu 10 za panya zinachukua mililita 0.1, yaani mililita 0.3 kwa panya wetu wa gramu 30.

Akishalala, bana kidole cha mguu wa nyuma. Akiuvuta mguu, bado. Macho hubaki wazi, kwa hiyo yapakwe malhamu yasikauke. Na mwili upashwe joto, hata Mombasa. Chumba cha upasuaji kina kiyoyozi, mwili ni mdogo, na panya aliyelala hawezi kujipasha; wengi wanaodhaniwa wameuawa na dawa wameuawa na baridi. Chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa inatosha. Dawa ya maumivu, kwa mfano meloksikamu, itolewe kabla hajaamka, wala isingojewe alie, kwa sababu panya huficha maumivu yake. Ketamini ifungwe kabatini na kila mililita iandikwe daftarini; kuna watu wanaoitafuta ili walewe.

Kwa wenzetu wa utafiti wa samaki, mafuta ya karafuu yanafaa kuwalaza, ila hayachanganyiki na maji: yayeyushwe kwanza kwenye spiriti safi (ethanoli), sehemu moja kwa tisa. Kipimo hubadilika kwa aina ya samaki na joto la maji, kwa hiyo mmoja ajaribiwe kwanza.

Damu nayo ina kikomo. Mnyama asitolewe zaidi ya asilimia 10 ya damu yake katika wiki mbili. Kwa panya wa gramu 250 ni kama mililita 1.6. Tumeona mipango ya utafiti inayodai mililita 2 kila wiki kwa wiki nane, imepita mikononi mwa wasomi watatu na hakuna aliyepiga hesabu. Daktari wa mifugo angeiona kwa dakika moja. Angeuliza pia wanyama watasafiri vipi, maana wengi hununuliwa bara na safari kutoka Nairobi ni kilomita 480 hivi. Wasafiri usiku, wakiwa na kipande cha tango kwa ajili ya maji, na wakifika wapumzishwe siku saba kabla ya kuguswa.

Tutaambiwa vyuo havina pesa. Kundi la wanyama 10 likipoteza watatu, takwimu zinadhoofika na jaribio hurudiwa kwa wanyama wengine, chakula kingine na muhula mwingine. Gharama hiyo hailipwi na ofisi ya fedha. Humwangukia mwanafunzi, ambaye mara nyingi alinunua panya kwa pesa yake. Hata hivyo, hatudai kila chuo kiajiri daktari wake. Vyuo vya Mombasa na vya Kilifi haviachani hata kwa mwendo wa saa mbili. Vinaweza kugawana daktari mmoja aliyesajiliwa, wasaidizi wawili, friza ya mizoga na mkataba mmoja wa kichomeo cha taka za hospitali, badala ya mizoga kuishia kwenye jaa la taka la Mwakirunge ndani ya mifuko ya nailoni. Sharti ni moja tu tusilolegeza: daktari huyo awe na mamlaka ya kusimamisha jaribio au kumuua bila maumivu mnyama anayeteseka bila kumwomba ruhusa mwenye mradi. Asipokuwa nayo atakuwa pambo la kamati.

Mwaka mpya wa fedha huanza Julai. Kabla ya hapo, kamati za utafiti ziongeze ukurasa mmoja kwenye fomu zao: jina la daktari na namba yake ya simu ya usiku, kiasi alichotengewa kwenye bajeti, kiwango cha kupungua uzito ambacho mnyama akikifikia jaribio linakoma kwake (asilimia 20 ndiyo inayotumika sana), na jina la mtu mwenye ufunguo wa chumba cha wanyama siku ya Jumapili.

Madaktari wa mifugo na watunza wanyama wa maabara,
Mombasa