Barua ya wazi kwa Mwanasheria Mkuu: tuondoleeni kifungu cha 138

Kwa Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu wa Jamhuri ya Kenya,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Mombasa. Mimi ni muuza vitabu vya dini, Kibokoni, Mji wa Kale. Nakuandikia kukuomba upeleke Bungeni mswada wa kukifuta kifungu cha 138 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63.

Nianze na kifungu chenyewe, maana wengi wanaokitaja hawajapata kukisoma. Kinasema kwamba mtu akikusudia kujeruhi hisia za kidini za mwenzake, akaandika neno lolote, au akatamka neno ama kutoa sauti mwenzake akaisikia, au akafanya ishara, au akaweka kitu mbele ya macho yake, basi ametenda kosa na aweza kufungwa mwaka mmoja. Hata mguno unaingia humo, ukimpata hakimu aliyeamka na kichwa.

Wala maneno hayo hayakutungwa kwa ajili yetu. Yametoka katika kanuni ya jinai ambayo Waingereza waliiwekea India mwaka 1860, kifungu cha 298, karibu neno kwa neno. Kanuni yetu ilipoanza kutumika mwaka 1930 yaliingia nayo, na kuna kitu kimoja ambacho kifungu cha India hakikuwa nacho na chetu kinacho: kuandika. India walikataza kutamka, kutoa sauti, kuashiria na kuweka kitu. Sisi tukaongezewa kalamu. Kwa mtu wa biashara yangu, Mheshimiwa, nyongeza hiyo si ndogo.

Naomba uingie dukani kwangu kidogo. Rafu ya mkono wa kushoto ina Misahafu na Juzuu Amma za watoto wa chuoni, na hiyo ndiyo inayolisha nyumba yangu. Rafu ya katikati ni ya hoja. Hapo kuna vitabu vya kuuliza kama Yesu ni Mungu au si Mungu, vya Masuni kuwajibu Mashia, vya Mashia kuwajibu waliowajibu, vya kupinga maulidi na vya kuyatetea. Mkristo akikifungua cha kwanza atasoma kwamba msingi wa wokovu wake haupo. Jirani yangu wa madhehebu nyingine akikifungua cha pili atasoma kwamba sala zake za miaka sitini ni kazi bure. Yote yameandikwa kwa makusudi, na mwandishi alijua kwamba kuna mtu yatamchoma. Ukikisoma kifungu cha 138 kwa uaminifu, rafu nzima ni jinai, na mimi niliyeiweka mbele ya macho ya watu nimo.

Mwaka jana aliingia kijana nisiyemjua, akapiga picha jalada la kijitabu kimoja cha rafu hiyo, akatoka bila kununua. Jioni picha ilikuwa imezunguka makundi ya WhatsApp na maneno makali chini yake. Kesho yake wakaja askari wawili wasiovaa sare. Mkubwa wao alikishika kile kijitabu, akakigeuza mbele na nyuma, akaniuliza, “Mzee, hiki kinatukana?” Nikamwambia, “Kinamtukana nani?” Akasema, “Ndiyo nakuuliza wewe.” Mdogo wake alisoma kurasa mbili tatu, akacheka mahali fulani, mkubwa akamkazia macho. Mwisho walinishauri nikiweke chini ya meza mpaka hali itulie. Hali haikuwa imechafuka. Nikakiweka, na tangu siku hiyo vijana huja kuniulizia “kile cha chini ya meza”, na kimeuzika kuliko kilivyowahi kuuzika.

Siwalaumu askari wale. Walikuwa na adabu. Ila walitumwa kupima kitu kisichopimika, na wangeweza kunichukua kwa kifungu hicho bila kuvunja sheria yoyote. Kilichoniokoa ni kwamba nina mvi, nina duka, na mkubwa yule hakuwa na hamu ya makaratasi siku ile. Mchuuzi wa barabarani pale Mwembe Tayari, mwenye vitabu vyake juu ya turubai, asingekuwa na bahati hiyo.

Mombasa tunaijua dini kwa masikio, Mheshimiwa. Tumekua na mihadhara, mhubiri wa Kiislamu ameshika Biblia mkononi anaonyesha inapojipinga, na umati unapiga takbiri. Tumekua na krusedi za Tononoka, mhubiri anakemea majini na kuwaita watu watoke kwenye giza, na giza hilo anajua kila mtu ni lipi. Mimi binafsi sikupenda sana mihadhara. Ilikuwa na kelele nyingi na elimu chache, na baadhi ya wazungumzaji walipenda kuchekesha kuliko kufundisha. Lakini ukitaka kumfunga kila aliyejeruhi hisia za kidini kwa kipaza sauti katika mji huu, jela ya Shimo la Tewa haitatosha. Ndiyo maana hafungwi kila mtu. Kifungu hiki ni kama rungu lililosahauliwa mlangoni: huokotwa na mwenye hasira aliyepita wa kwanza, na hupigiwa asiye na mtu.

Na tuna njia yetu ya zamani ya kushughulikia maneno ya kufuru, ambayo haikuhitaji polisi. Mwaka 1923 mmishenari Godfrey Dale, wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, Unguja, alichapisha Qurani nzima kwa Kiswahili, na maelezo aliyoyatia yalikuwa ya kuwasaidia Wakristo kuwapinga Waislamu. Kwa Mwislamu wa wakati ule, hilo lilikuwa jeraha kama lipo jeraha. Masheikh wa Pwani walifanya nini? Walichukua kalamu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mtoto wa mji huu, alianza kuandika tafsiri yake mwenyewe, na mauti yakamchukua mwaka 1947 hajaimaliza. Mwaka 1953 Maahmadiya, kundi ambalo Waislamu wengi hawalihesabu kuwa la Kiislamu, wakatoa yao, kazi ya Sheikh Mubarak Ahmad. Sheikh Abdalla Saleh Farsy akaisoma, akaiandikia kitabu kizima cha kuijibu, kisha mwaka 1969 ikatoka tafsiri yake kamili, ambayo mpaka leo ndiyo naiuza kuliko nyingine zote. Wakati huo alikuwa ndiye Kadhi Mkuu wa Kenya. Basi Kiswahili kina tafsiri za Qurani kadhaa kwa sababu watu waliudhiana wakajibizana. Lau Dale angefungwa mwaka mmoja, tungekuwa tumepata nini?

Sheikh Al-Amin huyohuyo hakuwaudhi Wazungu peke yao. Katika gazeti lake la Sahifa lililoanza mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, aliwapiga Waislamu wenzake wa Mombasa kwa bidaa zao, uvivu wao na ujinga wa mambo ya dunia. Aligusa mila ambazo watu walizishika kama dini. Hisia za kidini zilijeruhiwa, hilo halina shaka, na aliyezijeruhi baadaye akawa Kadhi Mkuu. Kila mtengenezaji wa dini huanza kwa kuonekana anaitukana.

Kama wataka mfano wa upande wa pili, nenda Fort Jesus. Yusuf bin Hasan, mtoto wa mfalme wa Mombasa, alilelewa na Wareno kwenye koloni lao la Goa, India, akabatizwa jina la Jeronimo, akarudishwa kutawala. Ikafika siku akachongewa kwa kapiteni wa ngome kwamba ameonekana akisali kwenye kaburi la babake kwa desturi ya Kiislamu, na huko Goa kulikuwa na mahakama ya kanisa ya kuwashughulikia watu kama yeye. Agosti 1631 akamwua kapiteni, akaiteka ngome, na Wakristo waliokataa kusilimu wakauawa. Yalianzia kwenye ripoti ya mtu kusali visivyo.

Najua jibu nitakalopewa. Wataniambia: mzee, Mombasa ni mji wa moto, ukiruhusu watu waseme watakavyo kutachinjwa watu. Nami nilikuwepo Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo, mhubiri wa hapa Mombasa, alipouawa na mji ukawaka na makanisa yakavamiwa. Nilikuwepo mwaka 2014, Masjid Musa ilipovamiwa na polisi Februari, na Machi waumini wakapigwa risasi ndani ya kanisa kule Likoni. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoanzishwa na kitabu au mzaha juu ya dini. Yalianzishwa na risasi, na mauaji ambayo mpaka leo hayajapata mwenyewe. Serikali inayotaka amani ya kidini Mombasa ina mafaili hayo ya kufungua kabla ya kufungua rafu yangu.

Tena sheria ya namna hii haizimi moto, huupa ruhusa. Pakistan wanazo sheria za kufuru zenye adhabu ya kifo. Asia Bibi, mama Mkristo wa kijijini, alihukumiwa kunyongwa mwaka 2010, na Mahakama ya Juu ilipomwachilia mwaka 2018 ilisema ushahidi haukutosha. Gavana wa Punjab, Salmaan Taseer, aliyesema wazi kwamba sheria ile inadhulumu, alipigwa risasi Januari 2011 na mlinzi wake mwenyewe. Nigeria wana vifungu vya jinai vya kuitukana dini, na havikumwokoa Deborah Samuel, mwanafunzi wa Sokoto aliyeuawa na wenziwe Mei 2022 kwa ujumbe wa WhatsApp. Umati hausubiri mwaka mmoja wa jela. Unachohitaji ni kuambiwa na dola kwamba maneno ni jinai, hukumu nyingine utajimalizia wenyewe.

Wengine watanijibu kwa dini, na hapo lazima niseme kidogo, kwa kuwa mimi ni Mwislamu ninayesali na sipendi Mtume wangu atukanwe. Yananiuma. Lakini Sura ya An-Nisaa, aya ya 140, inapomzungumzia anayesikia aya za Mungu zikikataliwa na kufanyiwa mzaha, inamwambia asikae nao mpaka waingie katika mazungumzo mengine. Watakapoingia, yaani, aweza kurudi kukaa. Na Sura ya Al-An'am, aya ya 108, inatukataza sisi kutukana wanachokiabudu wengine. Amri hiyo ni juu ya ulimi wangu. Fiqhi ina milango yake katika jambo hili, naijua, na wanazuoni hawakuwa na kauli moja. Ila hata Kadhi wetu, kwa Ibara ya 170 ya Katiba, amepewa ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, basi. Jinai hakupewa. Hakimu wa Shanzu, ambaye huenda ni Mkatoliki au Mhindu au hana dini kabisa, ndiye kifungu cha 138 kinamtaka aamue nimeumizwa kiasi gani katika imani yangu. Sitaki anipimie.

Kisha kuna Shakahola. Zaidi ya miili 400 imefukuliwa katika msitu ule wa Kilifi tangu Aprili 2023, na kesi ya Paul Mackenzie, mhubiri anayeshtakiwa kwamba aliwaambia wafuasi wake wafunge kula mpaka wafe, inasikizwa hapa Mombasa, kwa hiyo sitasema yaliyo ya mahakama. Nasema tu hili: katika jambo kama lile, anayesimama kumwambia jirani yake “mchungaji wako anakudanganya, na hilo analolihubiri si neno la Mungu” anajeruhi hisia za kidini kwa makusudi kabisa. Huyo ndiye tulimhitaji zaidi. Baada ya Shakahola Rais aliunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, na tangu hapo mazungumzo yote ni ya kuzisajili na kuzidhibiti dini. Sawa, hesabu za sadaka zikaguliwe. Lakini sijasikia mtu akisema tumlinde anayezikosoa. Chama cha Wakenya wasioamini Mungu kilisajiliwa Februari 2016, viongozi wa dini wakalalamika, kikasimamishwa mwaka huohuo, na usajili wa vyama ulikuwa chini ya ofisi yako. Mimi siko nao katika itikadi hata kidogo. Lakini mtu asiyeamini na akakaa nyumbani kwake Nyali akasema haamini, amenidhuru nini?

Mheshimiwa, njia imeshasafishwa na mahakama zetu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichowafunga watu kwa ujumbe wa “kuudhi”. Mwaka 2017 ikaifuta jinai ya kumharibia mtu jina, kifungu cha 194 cha Kanuni hii hii. Mwaka 2024, Nakuru, ikawa zamu ya kifungu cha 77 cha uchochezi dhidi ya serikali. Ikiwa leo siwezi kufungwa kwa kumjeruhi Rais hisia zake, kwa nini nifungwe kwa hisia za kijana aliyepiga picha jalada? Waingereza wenyewe, walioleta maneno haya, walifuta makosa yao ya kufuru mwaka 2008. Na Kenya imo tangu 1972 katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao kamati yake ilisema mwaka 2011 kwamba sheria za kufuru haziendi pamoja nao, isipokuwa pale panapochochewa chuki na udhalimu juu ya watu.

Siombi milango yote ivunjwe. Vifungu vya 134 hadi 137 vibaki: atakayeuchafua msikiti, kanisa au hekalu, atakayevuruga ibada, atakayefukua makaburi au kuzuia maziko, huyo ametenda tendo juu ya watu na vitu vyao. Ibara ya 33 ya Katiba nayo imeshakataa kuchochea vita, ghasia na chuki, na anayesema “kawachomeni nyumba” hana kinga yangu. Kifungu cha 138 peke yake ndicho nakitaka kiondoke.

Na kwa kuwa Bunge lina foleni yake, kuna la kufanya wiki hii: zungumza na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na Inspekta Jenerali watoe agizo la maandishi kwamba asikamatwe mtu kwa kifungu hicho, wala kitabu kisiondolewe rafuni, bila idhini ya Mkurugenzi mwenyewe. Ushauri wa mdomo dukani kwa mtu usihesabiwe sheria.

Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa Kadhi Mkuu na nyingine kwa Askofu Mkuu wa Katoliki hapa Mombasa. Nadhani wote wawili watakuwa na la kunipinga. Wakiandika, majibu yao nitayachapisha kwa gharama yangu na kuyaweka rafu ya katikati.

Wako mtiifu,
Muuza vitabu, Kibokoni
Mombasa