Kifaa feki kimeua watu, mbona kesi ikawa ya utapeli tu?

Mhariri, kesi ya James McCormick hainitoki kichwani. Huyu jamaa alikuwa polisi huko Uingereza, baadaye akawa anauza ADE 651, eti inagundua mabomu, Iraki wakainunua kwa mamilioni ya dola wakaipeleka kwenye vizuizi vya barabarani. Sasa kitu chenyewe ni mshikio wa plastiki na antena inayochezacheza, betri hakuna, wanadai umeme unatoka mwilini mwa aliyeishika!! Wazo lilitoka kwenye kidude cha kutafutia mipira ya gofu. Yaani askari anasimama mbele ya gari, antena imetulia, anamwambia dereva pita, kumbe bomu limo ndani na linaingia mjini.

Mwaka 2013 mahakama ya Old Bailey, London ikampa miaka 10, kwa utapeli. Utapeli tu jamani? Najua kwenye mauaji lazima uthibitishe kifo fulani kimetokana na kifaa kile, si kazi ndogo, lakini mtu anajua kabisa hakifanyi kazi na bado anauza, angalau shtaka la kuua bila kukusudia lingejaribiwa. Familia za Baghdad zilistahili kusikia wafu wao wakitajwa kwenye hati ya mashtaka.