Saidi, usipande mlima Kitonga na geji hiyo moja ya joto

Iringa

Ndugu yangu Saidi,

Salamu nyingi. Huku wazima, baridi tu ndiyo haina adabu. Mama mpe shikamoo yangu, na shemeji mwambie mzigo wake ulifika salama. Najua nimekawia kukujibu, ila ujumbe wako wa juzi umenikalisha mezani usiku huu. Umesema Prado ya kuja nayo huku Desemba umeipata, injini yake ni 1KZ ya dizeli, na kwamba hata kwenye foleni ya Ubungo mshale wa joto hauvuki katikati. Wewe umefurahi. Mimi ndipo nilipoingiwa na hofu.

Sikiliza. Kwenye magari mengi mshale wa kiwandani umetengenezwa usimsumbue dereva. Maji yakiwa nyuzi 80 uko katikati, yakikaribia 100 bado uko palepale. Ukija kuamua kupanda, unapanda kwa pupa, na hapo silinda hedi, kile kichwa cha injini, imeshaanza kupinda. Hedi ya 1KZ ni ya aluminiamu, imekalia bloku ya chuma, na joto hailisamehe. Zungukia gereji yoyote ya huku uulizie hedi ya 1KZ, utaona fundi anavyocheka.

Ya Beno unayakumbuka? Hosi ilipasuka Kitonga hapohapo, maji yakaisha, mshale UKASHUKA. Beno akajua gari limepoa, akakanyaga mafuta! Kumbe sensa ilikuwa imebaki hewani, haina maji ya kuipasha. Mpaka leo ukimtajia anaanza habari za mpira.

Kwa hiyo funga geji ya pili kabla ya Desemba, yenye namba, siyo ya rangi rangi. Pale Gerezani, kwenye maduka ya spea, utakuta za aina mbili. Kuna ya maji: unakata hosi ya juu ya rejeta, unapachika kipande cha bomba la aluminiamu chenye tundu la sensa, unabana kwa klipu. Pima kwanza unene wa hosi yako, vipande hivyo vina saizi. Na kwa kuwa hosi ni mpira, kipande hicho kinataka waya wake wa athi (hasi) mpaka kwenye bodi, la sivyo geji itasoma upuuzi. Muulize pia fundi thamostati, kile kilango kinachofunguka maji yakipata moto, iko wapi. Kama iko upande wa hosi ya juu na ikakwama imefunga, sensa ya hapo itakaa baridi huku injini inaungua.

Aina ya pili ndiyo ningekuchagulia: sensa ya pete, inabanwa na bolti kwenye chuma cha injini, na ina mlio. Hii maji yakiisha yote bado inasoma, maana inapima chuma chenyewe. Ingekuwa ndiyo ya Beno... basi. Ila bolti ya hedi isiguswe! Watafute bolti ya kawaida iliyo karibu, hata ya bomba la maji linalotoka kwenye hedi.

Umeme mpe fundi umeme, siyo yule kijana wa redio. Moto uchukuliwe kwenye waya unaowaka funguo ikifunguliwa, upite kwenye fyuzi ndogo; waya wa sensa ukae mbali na turbo na ekzosi. Sensa ya zamani waiache ilivyo, geji mpya ijitegemee. Na fundi akikwambia atoe thamostati ili gari lipoe, chukua funguo zako uondoke. Kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ikifunguka ndiyo inayoziba njia ya mkato. Ukiitoa, maji mengine yanazunguka bila kufika kwenye rejeta.

Ikishafungwa, usiulize watu namba nzuri ni ipi. Iangalie kwenye tambarare mpaka uizoee, kisha mlio uutegeshe nyuzi kama 10 juu ya hapo. Na mfuniko wa rejeta nunua mpya. Huku Iringa tuko juu, maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayangoji 100. Mfuniko uliolegea wa Dar hutauona kosa lake mpaka ufike kwetu.

Siku ya safari, Ruaha Mbuyuni simama ununue vitunguu, injini ipumue na watoto wanyooshe miguu. Halafu upande polepole, jicho kwenye namba. Ikianza kukimbia, zima AC, shusha mwendo na gia, paki sehemu salama. Mfuniko usiufungue kukiwa na moto, nakujua.

Sasa nijibu: aliyekuuzia alikwambia hedi imewahi kufunguliwa? Ndani ya rejeta mna kulanti, yale maji maalumu ya kupoozea injini, au maji ya bomba? Ukiwasha asubuhi, hosi ya juu inakuwa ngumu hata kabla injini haijapata moto? Hilo liangalie kesho, nisubiri majibu, kwa sababu kama ndivyo basi gasketi ya hedi imeshaanza kuvuja na geji haitakusaidia. Ukienda Gerezani utaninunulia na mimi moja ya pete, ya pikapu ya baba mkwe? Pesa nitatuma kwenye namba ileile, au umeibadilisha? Na Beno unakuja naye, au bado mmenuniana?

Ni mimi,
Tito