Mwanangu, kabla hujakabidhiwa silaha

Mwanangu,

Marahaba. Sauti ya mdahalo wenu uliyonitumia nimeisikiliza, nikairudia, kisha nikampa na baba yako mdogo alipopita hapa kuleta samadi ya shambani. Unaongea vizuri. Hukumtukana mtu wa upande wa pili, na mkufunzi alipokukatiza ulimsubiri amalize ndipo ukajibu. Nilifurahi, sitaficha. Mdogo wako amewatangazia Nkuhungu nzima kwamba kaka yake amewashinda makuruta wenzake.

Lakini hoja uliyoshindia imeninyima usingizi. Na kwa kuwa mnakaribia kufunga mafunzo ya polisi na kupangiwa vituo, naona nisiingoje likizo.

Ulisema: bora afe mmoja kwa makosa kuliko wafe 50 kwa uzembe. Wenzako wakapiga makofi. Mimi nilikuwa karani wa mahakama mpaka nastaafu, nimeandika maneno ya mashahidi wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na katika mdahalo wenu wote sikusikia mtu akiuliza swali ambalo hakimu yeyote, hata wa mahakama ya mwanzo, angeanza nalo. Nani alimtambua yule kijana?

Kisa chenyewe unakijua, ndicho mlichokuwa mnajadili, sina haja ya kukusimulia upya. Jean Charles de Menezes, fundi umeme kutoka Brazil, miaka 27, aliyepigwa risasi na polisi waliodhani ni mlipuaji mabomu, London, tarehe 22 Julai 2005. Nataka turudi kwenye yale uliyoyaruka. Nilimwomba mdogo wako anitafutie habari za kesi kwenye simu, nikazisoma usiku kucha na miwani yangu hii iliyokatika mkono.

Umeanzia kwenye behewa, pale kituo cha treni cha Stockwell, askari wawili wakiwa na bastola na mtu wanayeamini amevaa bomu. Ukianzia hapo lazima ushinde, mwanangu. Wiki mbili kabla yake, tarehe 7, watu 52 walikuwa wameuawa kwenye treni na basi la mji huohuo. Jana yake tu mabomu mengine manne yalikuwa yamekataa kulipuka na waliyoyabeba wakatoroka. Askari anaamini kwamba akipiga kelele jamaa atabonyeza, na akimpiga kifuani atabaki na nguvu za kubonyeza. Ukimweka mtu yeyote kwenye sekunde ile, hata mimi, sijui angefanya nini. Wala usidhani mama yako hajui bomu ni nini. Tarehe 7 Agosti 1998 tulikuwa tumekusanyika redioni tukisikia habari za Dar es Salaam, watu 11 wamekufa pale ubalozi wa Marekani, na Nairobi hali mbaya zaidi.

Sasa anzia asubuhi, mlangoni. Kwenye begi moja la mabomu yaliyokataa ilipatikana kadi ya jimu ya Hussain Osman, mmoja wa wale waliotoroka, na kadi ikawapeleka polisi kwenye jengo moja kusini mwa London. Jengo lile lina familia kadhaa zinazotoka kwa mlango mmoja, kama nyumba zetu za kupanga za Chang'ombe. Askari aliyewekwa kwenye gari kuutazama mlango alikuwa anajisaidia haja ndogo kijana alipotoka, hakumpiga picha. Alichosema redioni ni kwamba afadhali mwenzake mwingine amtazame. Basi! Hayo ndiyo maneno ya mtu wa kwanza. Hakusema ndiye, na wala simlaumu, alisema kweli yake.

Wakamfuata. Kijana akapanda basi namba 2, akashuka Brixton, akakuta kituo cha treni kimefungwa, akapanda basi tena. Wewe na mimi tungefanya hivyohivyo. Waliokuwa wanamfuatilia wakaona ni ujanja wa mtu anayejua kwamba anafuatwa. Hapo ndipo inaponishika shingoni. Mtu akishatiliwa shaka, kila anachofanya kinakuwa ushahidi. Ikafika nusu saa tangu atoke nyumbani, na neno lililoanza kama "mwingine amtazame" likapita redioni, likapita chumba cha amri, likawafikia wenye silaha likiwa limekuwa "ndiye". Katikati hapo hakuna aliyemwona uso kwa uso akasema, huyu ni Osman, namfahamu. Hakuna.

Unaikumbuka kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri? Hukumbuki, hukuwa umezaliwa, ni ya mwaka 1980. Lakini ulilisikia jina hilo ukiwa mdogo maana nilikuwa nalitaja hata mezani. Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa utambuzi wa macho ni dhaifu kuliko wote, na mahakama isiutegemee mpaka iwe imeondoa kila uwezekano wa kukosea. Shahidi anaulizwa: ulimwona kwa muda gani? Kwa umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Ulikuwa unamfahamu kabla ya siku hiyo? Nimewaona watu wanaachiwa, ndugu wa marehemu wanalia, kwa sababu shahidi alishindwa kujibu hilo la mwanga. Na hapo mshtakiwa yuko hai, ana wakili, ana rufaa. Wewe utakuwa na bunduki mkononi, mwenzako anakwambia kwenye redio kol, "ndiye huyo," na hakuna rufaa. Uulize lini kama hukuuliza hapo?

Nani amemtambua. Nataka uwe unauliza hivyo mpaka wakuchoke.

Utaniambia, mama, kuruta akimuuliza afande wake swali hilo atapigishwa kwata mpaka jua lizame. Najua. Najua pia kwamba hukulizoea swali la aina hiyo nyumbani. Kwangu ulikuwa ukiambiwa fanya, unafanya, na majirani walinisifu kwa hilo na mimi nikazipokea sifa. Basi sasa nakwambia mengine. Kutii hakukuzuii kuuliza umbali na mwanga. Uliza kwa heshima, "Afande, nani amemtambua?" Atakayekukasirikia akukasirikie.

Narudi kwenye hesabu yako ya mmoja na 50, maana ndiyo iliyokupa makofi. Hesabu ile ingekuwa na maana kama yule mmoja angekuwa ndiye. Hakuwa ndiye. Sasa alipokufa, nani aliokolewa? Osman alikuwa bado anatembea na miguu yake. Alikamatwa Roma tarehe 29 mwezi uleule. Mwenzake Yassin Omar alikamatwa Birmingham tarehe 27, wawili waliobaki wakakamatwa London siku ileile ya Osman, wametoka ndani na nguo za ndani tu baada ya kupigwa moshi wa kuwasha. Wote wanne walioweka mabomu walikamatwa wakiwa hai, wakasimama kizimbani, na mwaka 2007 wakahukumiwa kifungo cha maisha, kisichopungua miaka 40. Aliyeuawa ni fundi umeme. Risasi saba kichwani na moja begani. Hili hukulisema kwenye mdahalo wako, na sidhani kama hukulijua. Uliliacha kwa sababu linakuharibia hoja. Nimeumia kidogo kwa hilo, maana mimi nilikufundisha kusema yote hata yanayokuumiza.

Tena lipo jingine. Askari kanzu mmoja alikuwa ameingia behewani nyuma ya kijana, akamkumbatia kumshika mikono. Baada ya risasi huyohuyo alivutwa chini na mwenzake na kunyooshewa silaha, hawakumjua. Dereva wa treni alikimbilia kwenye handaki, naye akafukuzwa na bunduki. Soma hilo mara mbili. Polisi mwenzao! Siku za hofu ya namna ile silaha haichagui, na wewe pia unaweza ukawa umevaa kiraia siku hiyo.

Halafu zikaja zile habari kwamba alikuwa na koti zito, kwamba aliruka kizuizi akikimbia polisi. Kumbe alipita na kadi yake ya nauli, akachukua gazeti la bure, na alivaa jaketi jepesi la jinzi. Alikimbia kidogo mwishoni kuwahi treni, nani asiyekimbia. Kesho yake polisi wakakiri kwamba hakuhusika na mabomu kabisa. Lakini lile koti zito bado liko vinywani mwa watu. Hata wewe umelitaja! Dakika ya sita kwenye sauti yako. Futa hilo kichwani.

Upande wako una nguvu kwenye sheria, nakubali. Hakuna askari aliyeshtakiwa. Mwaka 2007 jeshi lao la polisi lilitiwa hatiani kwa sheria ya usalama kazini, likatozwa faini ya paundi 175,000 na gharama za kesi 385,000. Kwenye uchunguzi wa kifo mwaka 2008 wazee wa baraza, tuwaite hivyo, walizuiwa na hakimu wasiseme aliuawa isivyo halali. Wakaacha shauri wazi, lakini walipoulizwa kama askari alitamka "polisi wenye silaha" kabla ya kupiga, walijibu hapana. Mwaka 2016 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema, kwa majaji 13 dhidi ya 4, kwamba Uingereza haikuvunja haki kwa kutowashtaki. Msingi wake ni kwamba aliyefyatua aliamini kweli kwamba yuko hatarini.

Nami nasadiki aliamini. Mmoja wao alilia akitoa ushahidi. Hofu yangu ni hiyo tu, mwanangu, kwamba na wewe siku moja utaamini. Utaamini kwa moyo safi, sheria itakusamehe, na mama wa mtu, kama yule wa Gonzaga kule kwao Brazil, atakuwa anapokea jeneza.

Usiniambie hayo ni ya Ulaya. Januari 2006, wakati London bado wanachunguza, wafanyabiashara watatu wa madini wa Mahenge na dereva wa teksi waliuawa na polisi kwenye msitu wa Pande, tukaambiwa ni majambazi. Tume ya Rais ikakuta si majambazi. Ilichukua mpaka 2016 kwa Mahakama ya Rufani kumtia hatiani askari mmoja. Ile ilikuwa mbaya kuliko ya London, haikuwa sekunde ya hofu. Lakini ilianza na neno lilelile: ndio hao.

Baba yako anasema nikuache, mtoto ameshinda mdahalo na mama yake anamletea kesi. Anakusalimu. Mguu wake umepungua uvimbe, ila dawa za presha anazimeza anapojisikia, ukipiga simu msemeshe wewe maana mimi hanisikii.

Zabibu za Hombolo zimebeba vizuri, tukijaliwa tutavuna mwezi wa nane. Yule mnunuzi wa msimu uliopita bado hajamalizia pesa yetu, kwa hiyo safari hii sitampa hata kreti moja kabla sijaona hela. Ndege wameanza. Nimempa kijana wa jirani kazi ya kuwafukuza asubuhi na jioni. Ada ya mdogo wako nimelipa nusu kwa mkopo wa VICOBA, hiyo uliyotuma nimeiongeza kwenye nguzo za shamba, nisingekudanganya. Ukiweza mwezi ujao tuma kwa jina lake mwenyewe asije akadhani naila.

Huko chuoni kwenu Moshi sasa ni baridi. Lile sweta la kijani umeliacha kwenye kabati, nitampa mtoto wa shangazi yako anayepanda basi Jumamosi, pamoja na karanga na mlenda mkavu. Karanga gawana na wenzako, mlenda ficha.

Mkishapangiwa niambie kituo siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Na kabla ya hapo nijibu kwa maandishi, si kwa sauti: ukiwa mlangoni na unaambiwa ndiye, utauliza nini?

Mama yako