Kilo 100 zimeingia, chupa 76 zimetoka: zingine ziko wapi?

Kila msimu wa mavuno swali hili hurudi kwetu tunaowatengenezea watu mvinyo kutokana na zabibu zao, na kwa kawaida huulizwa kwa sauti ya mtu aliyeibiwa: "Niliwaletea zabibu kilo 100, mbona mnanipa chupa 76?" Hakuna aliyekunywa mvinyo wako. Njoo tupige hesabu pamoja.

Zabibu zilizosafiri kwa gunia kutoka Naivasha hufika zimepondana. Za chini zimeshatoa maji, na maji hayo yakipigwa na joto la gari huanza kuchacha na kuita nzi wadogo wa matunda, ambao hubeba vijidudu vya siki. Gunia tunalimwaga mezani na kuchambua kichala kwa kichala. Penye ukungu, penye punje zilizopasuka, penye harufu ya siki, tunatupa. Tuseme kilo 12 zimekwenda. Zingekuja kwa kreti za kilo 15, huenda ungepoteza 3 tu. Tofauti hiyo ni kama chupa 8, na zilipotelea barabarani, si kwetu.

Zimebaki 88. Vikonyo kilo 4. Zinazobaki, 84, huingia kwenye pipa na maganda yake, kwa sababu rangi ya mvinyo mwekundu iko kwenye ganda. Hamira (ya mvinyo, si ya mandazi) inapokula sukari, karibu nusu ya uzito wa sukari hiyo hugeuka hewa na kupaa: hapo kilo 8 zimekwenda bila mtu kuzigusa. Baada ya kukamua, machicha ya maganda na mbegu ni kilo 14. Una lita 62 hivi. Mashapo yakishatulia chini na mvinyo kuhamishwa, toa lita 5. Lita 57 ugawe kwa chupa za mililita 750: chupa 76.

"Basi kamueni zaidi!" Tungeweza. Shinikizo likizidi, mbegu na maganda huachia uchungu ambao hata mwaka mzima wa kungoja hauuondoi. Ndiyo maana tunalipisha kwa kilo zinazopimwa mlangoni, si kwa chupa. Anayelipwa kwa chupa ana kila sababu ya kukamua mpaka machicha yakauke, kisha akuongezee maji kidogo. Wanaosema bei yetu ni kali wajaribu kuchambua magunia 20 kwa mkono kabla jua halijawa kali.

Njia ya mkato inayowagharimu wengi ni zabibu za Marikiti, soko la jumla la Nairobi. Jumamosi jioni bei inashuka, mtu anabeba makasha kumi, anatuletea Jumatatu. Hizo ni zabibu za kula: punje kubwa, maji mengi, nyingi hazina mbegu. Kipima sukari mara nyingi husoma nyuzi 16 hadi 18 (yaani gramu za sukari katika kila gramu 100 za maji ya zabibu), ilhali ya mvinyo tunaitaka ifike 22 hadi 24. Ni kweli, sukari ya dukani inaongezwa: gramu 17 kwa lita hupandisha kileo kwa asilimia 1, kwa hiyo lita 60 zikikosa asilimia 3 zinataka kilo 3. Lakini sukari huongeza kileo tu. Haileti rangi, haileti ukakasi, haileti uchachu unaoufanya mvinyo udumu. Unapata kitu chepesi, cha waridi iliyopauka, halafu lawama zinakuja kwetu.

Wengine hutaka mvinyo wa harusi ya Agosti kutokana na zabibu za Juni. Julai usiku Nairobi hushuka hadi nyuzi 10 hivi, na pipa la mvinyo mwekundu linataka 25 au zaidi. Tunalifunga blanketi na kuzamisha maganda yanayoelea juu mara tatu kwa siku, na bado kazi inakwenda polepole. Kuuweka kwenye chupa kabla sukari haijaisha ni kutega bomu: hamira huendelea kufanya kazi humo ndani, vizibo vinaruka, au chupa inapasuka.

Msimu huu tunapokea kreti tu, zabibu za kuchumwa alfajiri, na ziwe hapa kabla ya saa 5 asubuhi. Mizani iko mlangoni. Isome mwenyewe kabla hatujamwaga kreti ya kwanza.